Baridi Humwibia Mtu Akili Kabla ya Kumwibia Uhai



Wapendwa wasomaji, mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaacha kidogo malaria, kuhara na shinikizo la damu, magonjwa ambayo tumezoea kuyazungumza. Tunakwenda kaskazini kabisa mwa dunia, katika nchi za Aktiki, kuwatazama watu wanaotembea kwa miguu siku nyingi nyikani wakati hali ya hewa imechafuka.

Huenda msomaji akauliza: hayo yatuhusu nini sisi? Tunajibu hivi. Ugonjwa unaowapata watembezi wale ni mwili kupoa kupita kiasi, nao waganga huuita haipothemia. Ni ugonjwa usioeleweka vema. Wengi hudhani kwamba baridi huua pale tu penye barafu. Wengi pia hudhani kwamba anayekufa kwa baridi atalalamika na kuomba msaada. Mambo hayo yote mawili si kweli, na kutoyajua kumegharimu maisha ya watu. Katika Aktiki jambo hili huonekana wazi kuliko mahali pengine, ndiyo maana tunakwenda kujifunza huko. Mwishoni tutarudi nyumbani.

AKTIKI NI NCHI YA NAMNA GANI?

Aktiki ni sehemu ya dunia iliyo kaskazini ya mstari unaopita yapata nyuzi 66 na nusu juu ya ikweta. Ndani yake zimo sehemu za kaskazini za Norway, Sweden, Finland, Urusi, Kanada na Marekani kwenye jimbo la Alaska, pamoja na sehemu kubwa ya Greenland. Katikati ya kiangazi jua halizami huko, na katikati ya majira ya baridi halichomozi. Wenyeji wake, kama Wasami na Wainuit, wameishi huko kwa karne nyingi na wanaijua baridi kama wavuvi wetu wanavyoyajua maji.

Huko pia Kanisa lipo. Mjini Tromsø, kaskazini mwa Norway, kuna makao ya askofu, na tangu mwaka 1990 watawa Wakarmeli wana monasteri yao katika mji huo. Tena, miongoni mwa wakimbizi Wakongo waliopokelewa na nchi ya Norway wamo wanaozungumza Kiswahili. Basi baadhi ya watakaosoma somo hili wana ndugu wanaoishi katika baridi hiyo.

Kila mwaka watu wengi huenda Aktiki kutembea nyikani. Njia mojawapo maarufu iko kaskazini mwa Sweden, inaitwa Kungsleden, maana yake Njia ya Mfalme. Ina urefu wa kilometa 440 hivi, kutoka Abisko hadi Hemavan. Watembezi wengi huchukua sehemu ya kaskazini tu, kutoka Abisko hadi Nikkaluokta, ambayo ni kilometa 105 hivi. Chama cha Watalii cha Sweden kimejenga vibanda vya kulala, kimoja na kingine vikitengana kwa mwendo wa siku moja au chini ya hapo. Mahali pa juu kabisa katika njia hiyo ni kipito cha Tjäktja, kilicho mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari.

Msomaji wa Mbeya au Njombe atashangaa, maana miji yao iko juu kuliko hapo. Lakini Aktiki huhitaji mlima mrefu ili uipate baridi. Ukiacha nyuma miti mifupi ya mabondeni, unaingia katika nchi iliyo wazi, yenye mawe, nyasi fupi na mito, isiyo na kichaka cha kujikinga na upepo. Theluji yaweza kuanguka mwezi wowote wa mwaka, hata Julai. Sehemu kubwa ya njia haina mawasiliano ya simu.

SIKU MOJA YA MVUA NA UPEPO

Ili tuelewe somo, tuchukue mfano. Tuseme vijana wanne wanatembea kutoka kibanda cha Alesjaure kwenda kibanda cha Tjäktja, mwendo wa kilometa 13. Ni mwezi Agosti. Asubuhi kuna manyunyu, na joto la hewa ni nyuzi 5 za Sentigredi. Kijana mwenye nguvu kuliko wote amevaa fulana ya pamba na suruali ya jinzi. Kwa kuwa anapanda na mzigo mgongoni, anatokwa jasho, na fulana inalowa kwa ndani huku mvua ikimlowesha kwa nje.

Saa 6 mchana upepo unaongezeka hadi kilometa 50 kwa saa. Mvua inachanganyika na theluji. Hakuna anayetaka kusimama ili ale, kwa sababu kila wakisimama wanasikia baridi. Wanasema, "Tutakula tukifika."

Saa 8 yule kijana mwenye nguvu anaanza kubaki nyuma. Haongei tena. Anajikwaa mahali ambapo hapana jiwe. Wakimwuliza, anajibu kwa mkato, "Mimi mzima." Wakimwambia avae sweta iliyo ndani ya begi, anakasirika na kusema ni usumbufu. Akijaribu kufunga vifungo vya koti, vidole havimtii.

Ndugu msomaji, kijana huyu hana homa, hana jeraha, wala hasemi kuwa anaumwa. Hata hivyo yuko katika hatari ya kufa kabla ya usiku. Na katika hao wanne, asiyejua hatari hiyo ni yeye mwenyewe.

MWILI HUPOTEZAJE JOTO?

Mwenyezi Mungu ameuumba mwili wa binadamu ufanye kazi vema katika joto la nyuzi 37 hivi. Joto hilo tunalitengeneza wenyewe kutokana na chakula na mwendo wa misuli. Lakini kila saa tunalipoteza, na njia kubwa za kulipoteza ni hizi:

1. Maji. Maji hunyonya joto la mwili upesi kuliko hewa, mara 25 hivi. Nguo iliyoloa ni sawa na kujifunga maji mwilini. Nguo ya pamba ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hunywa maji mengi na kukauka polepole. Sufu, hata ikiloa, bado huhifadhi joto kiasi.

2. Upepo. Upepo hupeperusha ile hewa yenye joto inayouzunguka mwili. Katika mfano wetu hewa ni nyuzi 5, lakini kwa upepo wa kilometa 50 kwa saa ngozi iliyo wazi hupoa kana kwamba ni nyuzi 1 chini ya sifuri. Kama hewa ingekuwa nyuzi 0, ingekuwa kama nyuzi 8 chini ya sifuri.

3. Ardhi. Anayekaa au kulala juu ya jiwe au udongo wa baridi hupoteza joto kupitia mgongo na makalio, hata kama amejifunika blanketi tatu kwa juu.

4. Njaa na uchovu. Asiyekula hana kuni za kuwasha. Na katika baridi mtu hukojoa zaidi bila kusikia kiu, hivyo mwili hukauka maji bila mwenyewe kujua.

Kwa hiyo baridi inayoua mara nyingi si ile ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Katika baridi kali namna hiyo watu huvaa vizuri na kujihadhari. Ile ya nyuzi 5, yenye mvua na upepo, humkuta mtu hajajiandaa.

KWA NINI AKILI NDIYO YA KWANZA?

Mwili unapoanza kupoa, hufanya uchaguzi. Mishipa midogo ya damu kwenye ngozi, mikono na miguu hujibana, ili damu yenye joto ibaki kwa moyo, mapafu na ubongo. Ndiyo maana vidole hufa ganzi na kushindwa kufunga kifungo. Kisha misuli huanza kutetemeka. Kutetemeka ni jiko la mwili, nalo hula sukari nyingi. Kuni zikiisha, jiko huzimika.

Joto la ndani likiendelea kushuka, ubongo wenyewe hupoa. Ubongo uliopoa hufikiri polepole, hukosea hesabu, hupoteza hamu ya kujitunza. Tena ubongo huohuo uliopungukiwa ndio ambao mtu angetegemea umwambie kwamba amepungukiwa. Ni kama mlinzi aliyelewa: huwezi kumwuliza kama nyumba iko salama. Basi mgonjwa wa baridi hasemi uongo anaposema "mimi mzima". Anasema anavyoona.

NGAZI ZA UGONJWA NA DALILI ZAKE

Ngazi ya kwanza (joto la ndani kati ya nyuzi 35 na 32). Mtu anatetemeka sana. Anajikwaa, anaangusha vitu, ulimi unakuwa mzito, ananung'unika, anabaki nyuma, anakataa ushauri.

Ngazi ya pili (kati ya nyuzi 32 na 28). Kutetemeka kunapungua, kisha kunakoma. Wasiojua husema, "Ashukuriwe Mungu, amepata nafuu." La! Jiko limezimika. Mtu anasinzia, anachanganyikiwa, anasema maneno yasiyoeleweka. Wengine huvua nguo wakidai wanasikia joto. Wapo waliokutwa wamekufa kwenye theluji wakiwa nusu uchi, na watu wakadhani wameporwa.

Ngazi ya tatu (chini ya nyuzi 28). Mtu amezimia. Mapigo ya moyo na pumzi ni vya polepole mno, hata ni vigumu kuvisikia. Moyo uko tayari kuvurugika kwa mtikisiko mdogo tu.

Tunawakumbusha wahudumu wa zahanati kwamba vipimajoto vingi vya kawaida huanzia nyuzi 35. Kikionyesha 35, mgonjwa anaweza kuwa na 31. Katika ugonjwa huu tegemea macho yako zaidi: anatembeaje, anasemaje, anafikirije.

WENZAKE WAFANYE NINI?

Turudi kwa vijana wetu wanne. Mmoja wao ametambua dalili. Kibanda kiko mbele kilometa 4. Je, wamburute mgonjwa hadi huko? Jibu ni hapana. Kila hatua katika upepo inampunguzia joto alilobakiwa nalo. Yawapasa kufanya hivi, na kwa haraka:

1. Wasimame hapohapo, wasimike hema. Kama hawana hema, wajikinge nyuma ya jiwe kubwa wakijifunika turubai. Upepo ukatike kwanza.

2. Wamkinge na ardhi. Watandike magodoro yao membamba, kamba na mabegi chini yake.

3. Wakiwa ndani, wamvue nguo zilizoloa taratibu, wamkaushe kwa kugusa tu, wamvike nguo kavu na kofia. Kama hakuna kinga wala nguo kavu, wasimvue, bali wamfunge karatasi ya plastiki juu ya nguo zake, kisha blanketi au mfuko wa kulalia juu yake.

4. Kama ana fahamu kamili na anameza vizuri, wampe chai ya moto ya wastani yenye sukari nyingi, na chakula kitamu.

5. Wajaze chupa maji ya moto, wazifunge kwa kitambaa zisimwunguze, waziweke kifuani na makwapani. Mwenzake mwenye joto aweza kulala karibu naye ndani ya blanketi. Hata Kitabu cha Mhubiri, sura ya 4, kinataja faida ya wawili kulala pamoja wakapata joto.

6. Wasimwache peke yake. Kama kuna simu inayoshika, wapige namba ya dharura, ambayo huko Sweden ni 112. Kama haipo, wawili wabaki naye na mmoja aende kibandani, iwapo tu njia inaonekana na yeye mwenyewe ni mzima.

Mgonjwa wa ngazi ya kwanza, akihudumiwa hivi, aghalabu hupona papo hapo. Baada ya saa moja au mbili ataanza kuona aibu kwa ukali wake. Wenzake wamsamehe, maana haukuwa ukali wake.

Aliye ngazi ya pili au ya tatu asitembezwe kabisa. Abebwe amelala chali, bila kutikiswa, kama mtu anavyobeba trei ya mayai.

MAMBO YASIYOFAA

Zipo desturi nne zinazofanywa kwa nia njema lakini zinadhuru.

Ya kwanza ni kumpa mtu pombe kali. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, damu ya moto ikakimbilia nje na kupoa. Mtu anasikia joto usoni huku moyo wake unazidi kupoa. Tena pombe hupunguza kutetemeka, na humwondolea hata ile akili kidogo iliyobaki.

Ya pili ni kumsugua mikono na miguu kwa nguvu. Kumsugua huumiza ngozi, na kwa mgonjwa mahututi humtikisa moyo.

Ya tatu ni kumtia katika maji ya moto au kumweka karibu mno na moto. Ngozi yake iliyokufa ganzi haisikii, itaungua. Tena shinikizo la damu laweza kushuka ghafla.

Ya nne ni kumlazimisha atembee "ili apate joto" wakati ameshachanganyikiwa. Mwendo humfaa aliye mzima na aliyeshiba. Aliyeishiwa humaliza.

Twongeze neno juu ya vidole, masikio na pua. Vikiwa vyeupe, vigumu kama nta na havisikii, vimeganda. Usivisugue, na usivisugue kwa theluji kamwe, ingawa zamani watu walifundishana hivyo. Viweke kwapani au katika maji ya uvuguvugu, yapata nyuzi 37 hadi 39. Lakini kama vitaweza kuganda tena njiani, ni afadhali kungoja mpaka mfike mahali salama, kwa sababu kuyeyuka na kuganda mara ya pili huharibu zaidi. Wasami walijua siri ya kinga: walitia nyasi kavu ndani ya viatu vyao na kuzianika kila jioni, ili mguu usikae katika unyevu.

TUSIMWONE AMEKUFA KABLA YA WAKATI

Tarehe 20 Mei 1999 daktari kijana kutoka Sweden, Anna Bågenholm, mwenye umri wa miaka 29, alikuwa akiteleza kwenye theluji na wenzake wawili katika milima iliyo karibu na Narvik, kaskazini mwa Norway. Aliteleza akaanguka kichwa chini katika kijito kilichofunikwa na barafu, akanaswa chini yake. Wenzake walimshika miguu lakini hawakuweza kumtoa. Alipata nafasi ndogo yenye hewa, akaendelea kupumua na kujitikisa kwa dakika 40, kisha akanyamaza. Waokoaji walipomtoa kwa kukata barafu, zilikuwa zimepita dakika 80 tangu aanguke. Alikuwa hapumui, na moyo haukuwa ukipiga.

Hawakumfunika shuka wakaondoka. Walianza mara moja kumkandamiza kifua na kumpa pumzi, wakaendelea hivyo ndani ya helikopta mpaka hospitali ya Tromsø. Joto la mwili wake lilishuka hadi nyuzi 13.7. Daktari Mads Gilbert na wenzake waliipitisha damu yake katika mashine, wakaipasha joto polepole, wakifanya kazi kwa muda wa saa 9. Moyo ukaanza kupiga. Siku kadhaa baadaye alizinduka akiwa amepooza, akatibiwa kwa miezi mingi, na hatimaye akarudi katika kazi yake ya udaktari. Mishipa ya fahamu ya mikono yake ilibaki na udhaifu.

Mafunzo ya kisa hicho ni mawili. La kwanza, ubongo uliopoa kabla ya kukosa hewa huhitaji hewa kidogo mno, hivyo baridi ileile inayoua yaweza pia kuhifadhi. La pili, katika baridi hatusemi "amekufa" mpaka mtu awe amepashwa joto na bado hana uhai. Tazama pumzi kwa dakika nzima. Kama haipo, anza kumkandamiza kifua na kumpa pumzi, na wengine watafute usafiri.

Hatusemi kwamba kila mtu ataokoka. Bågenholm alikuwa na wenzake, redio, helikopta na hospitali kubwa. Wengi hawana hivyo. Tunachosema ni kwamba haki ya kukata tamaa si ya mpita njia.

KURUDI SI AIBU

Kinga ni bora kuliko tiba. Wanorway wamelifahamu hili kwa machozi. Mwaka 1952 walianza kuwafundisha watu kanuni za usalama milimani. Sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1967, ambapo watu wengi huko huenda milimani, watu 18 walipoteza maisha, na mafundisho hayo yakatiliwa mkazo zaidi. Kanuni hizo ni 9, nazo zilipitiwa upya mwaka 2016. Kwa maneno yetu wenyewe, zinahimiza kupanga safari na kuwaeleza wengine, kupima safari kulingana na uwezo wa watu na hali ilivyo, kusikiliza utabiri wa hewa, kujiandaa kwa baridi hata katika safari fupi, kuchukua vifaa vya kujisaidia na kusaidia wengine, kuchagua njia salama, kutumia ramani na dira, kurudi mapema bila kuona haya, na kutunza nguvu huku mkitafuta kinga inapobidi.

Kanuni ya kurudi bila kuona haya ndiyo ngumu kuliko zote. Mtu amelipa nauli, ameomba likizo, amewaambia rafiki zake kwamba atafika. Anaona kurudi ni kushindwa. Hapo ndipo kiburi huungana na baridi. Tarehe 24 Februari 1978, katika milima ya Anaris nchini Sweden, kusini ya Aktiki, dhoruba iliwakuta watu 9 wakiwa safarini juu ya theluji. Walikufa 8. Hatuwahukumu marehemu, maana dhoruba huja ghafla. Lakini kwa ajili ya walio hai tunasema: uamuzi wa kurudi ufanywe asubuhi, akili ikiwa bado na joto. Saa 8 mchana aliyepoa hawezi tena kuamua vema.

Kwa hiyo kikundi chenye busara hukubaliana kabla ya kuondoka: "Upepo ukifika kiasi hiki, tunarudi. Mmoja wetu akijikwaa mara mbili, tunasimama wote, tunakula, tunavaa. Na yeyote anayeambiwa na mwenzake kwamba amepoa, atatii bila ubishi."

NA KWETU?

Somo hili si la Wazungu peke yao. Kwenye Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori, mvua ya msituni humlowesha mtu, kisha upepo wa juu humkuta na nguo zilezile. Mgeni ana koti la bei kubwa, lakini mpagazi aliyembebea mzigo huenda ana sweta ya mtumba na viatu vilivyotoboka. Jioni wapo wanaotazama kama mgeni ametetemeka. Ni nani anamtazama mpagazi? Wenye kampuni, waongozaji na wageni wenyewe wana wajibu mbele ya Mungu kuhakikisha kila anayepanda ana nguo kavu ya kulalia, chakula cha moto na mahali pa kujikinga.

Katika vijiji vyetu vya nyanda za juu, mlevi aliyeanguka njiani usiku wa mvua yumo katika hatari hiyohiyo. Pombe imefungua mishipa yake, nguo zimeloa, ardhi inamnyonya joto. Kumpita tukisema "ataamka kesho" ni kufanya kama wale wawili waliompita mtu aliyejeruhiwa kabla Msamaria hajafika. Mwinue, mpeleke ndani, mfunike.

Na yuko mwingine anayepoa upesi kuliko wote: mtoto mchanga. Huzaliwa ameloa, mwili wake ni mdogo, naye hana uwezo wa kutetemeka kama mtu mzima. Sheria ni ileile ya Aktiki: mkaushe mara moja, mvike kofia, mweke kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, muwafunike wote wawili. Kifua cha mama ni jiko lisilohitaji umeme.

Wapendwa, magonjwa mengi humfanya mgonjwa alie. Huu humfanya anyamaze. Kwa hiyo tiba yake ya kwanza iko katika jicho la jirani. Tuwe na jicho hilo, milimani na nyumbani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Ni dalili gani tatu zinazoonyesha kwamba mwenzako ameanza kupoa, ingawa mwenyewe anakataa?
2. Kwa nini kukoma kwa kutetemeka si lazima iwe dalili ya nafuu?
3. Taja desturi moja ya mahali petu ya kumpasha mtu joto. Je, inafaa au inadhuru?
4. Katika kijiji chetu, ni nani anayeweza kupoa usiku wa leo bila mtu kumwona?